Mazao mchanganyiko yanapogoma bustanini: soma dalili, tafuta chanzo

Malalamiko ya wenye bustani za nyumbani yanafanana, iwe Mbezi, Moshi au Machakos. Mtu amesikia kwamba nyanya ikikaa na mrehani haishambuliwi, kwamba maharage yanalisha mahindi, kwamba marigoldi hufukuza kila mdudu. Akapanda. Mwezi wa pili anakuta zao moja limetawala, jingine limesinyaa, vidukari wamejaa kwenye sukuma wiki, na hukumu inatoka papo hapo: hii mimea haipatani.

Kwa bustani nyingi hukumu hiyo si ya haki. Mimea inagombania mwanga, maji na chakula, na aliyeipanda ndiye aliyeipanga kwenye ugomvi huo. Zile orodha ndefu za mimea "rafiki" na "adui" zinazosambaa mtandaoni nyingi zimeandikwa Ulaya na Marekani, kwa jua la kule na wadudu wa kule, na sehemu kubwa yake ni mapokeo tu. Usianze na orodha. Anza na dalili unayoiona, na kwa kila dalili fanya kwanza ukaguzi usio na gharama.

Utahitaji kisu kikali, glasi angavu, koleo la mkono, na kipande kidogo cha tuta chenye zao moja peke yake. Hicho cha mwisho wengi hawana, na ndicho chenye thamani kuliko vyote. Bila miche michache ya nyanya iliyokaa mbali na mrehani, utajuaje kama mrehani umefanya kazi, au ni mvua za mwaka huu tu zilizopunguza wadudu?

"Mmoja amenawiri, mwenzake amedumaa"

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na chanzo chake mara nyingi ni kivuli. Simama bustanini saa 4 asubuhi, saa 7 mchana na saa 10 jioni, uangalie kivuli cha mimea mirefu, ukuta na miti kimeangukia wapi. Mazao ya matunda kama nyanya, pilipili hoho, biringanya na matango yanataka jua la moja kwa moja si chini ya saa sita kwa siku. Mboga za majani huvumilia saa tatu au nne, ndiyo maana spinachi inaweza kukaa pembeni mwa mahindi na bado ukachuma, lakini pilipili hoho iliyowekwa hapo itarefuka kama uzi na kutoa maua mawili.

Vitabu vya Ulaya vinashauri mimea mirefu iwekwe upande wa kaskazini. Huku ushauri huo unapotosha. Dar es Salaam jua la mchana hupita upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi Oktoba hivi, kisha linahamia kusini. Nairobi, iliyo karibu kabisa na ikweta, pande hizo mbili zinakaribia kugawana mwaka nusu kwa nusu. Elekeza mistari ya mimea mirefu kutoka kaskazini kwenda kusini. Asubuhi kivuli kitaangukia magharibi, alasiri mashariki, na walio chini watapata jua kwa zamu.

Kinachofuata ni nafasi. Watu huchukua nafasi ya zao moja na kuingiza mawili bila kupunguza idadi ya lile la kwanza. Nyanya inahitaji karibu sentimita 60 hadi mwenzake, sukuma wiki 45 hadi 60, kitunguu 10, na boga hudai mita 2 kila upande liwe limepangiwa au halijapangiwa. Kama majani ya mimea miwili yanaingiliana hata kabla ya ua la kwanza, kuna mmoja wa kung'oa, na ang'olewe leo. Huruma kwa miche ndiyo inayoharibu bustani ndogo kuliko wadudu.

Wa tatu ni wakati. Mahindi, maharage na maboga ni mchanganyiko wa kale wa wenyeji wa bara la Amerika, na mazao yote matatu yametufikia kutoka huko. Siri yake ni zamu. Mahindi yanatangulia, maharage ya kutambaa yanafuata baada ya wiki mbili au tatu, mahindi yakiwa yamefika urefu wa kiganja, maboga yanaingia baada ya hapo. Ukivipanda vyote siku moja, maharage yanayotambaa huyavuta chini mahindi machanga na boga linawafunika wote. Maharage mafupi yasiyotambaa hayana shida hiyo, hayo unaweza kuyapanda pamoja na mahindi.

Kisha maji. Chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili, upande wa kila mmea. Rozmeri hupenda udongo unaokauka kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, mrehani hupenda unyevu wa kudumu. Ukiviweka kwenye ndoo moja, mmoja atakufa na hakuna mbolea itakayomsaidia. Kwenye bustani ya gunia angalia pia urefu: juu kumelowa, chini kumekauka, kwa sababu nguzo ya kokoto ya katikati haikuwekwa au imeziba kwa tope. Miche ya pembeni chini ndiyo inayodumaa, na mwenye gunia analaumu kitunguu.

Sumu ya mmea kwa mmea ipo kweli, lakini iwe ya mwisho kushukiwa. Alizeti ni mfano unaojulikana: maganda na mabaki yake yanaweza kuzuia mbegu nyingine kuota. Mkaratusi ni mwingine, ingawa hata hapo kiu ya mizizi yake inachangia sana. Tazama kama eneo lililodumaa linafuata duara kuzunguka mti au linafuata mahali ulipomwaga maganda. Kama ndivyo, ondoa mabaki, usitandaze majani mabichi ya mkaratusi kwenye tuta, na hamishia mboga kwenye magunia au ndoo.

Pa kusimama: usikate mizizi minene ya mti mkubwa ulio karibu na nyumba, ukuta au nyaya za umeme ili kuokoa mchicha. Mti uliokatwa mizizi upande mmoja unaweza kuanguka na mvua za kwanza. Mwite anayeelewa kazi ya miti.

"Nimezungushia marigoldi na vitunguu, wadudu wapo palepale"

Kabla ya kusema harufu haifanyi kazi, tazama mahali ambapo kupanda pamoja kumethibitika. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe nchini Kenya, kikishirikiana na watafiti wa Rothamsted wa Uingereza, kilitengeneza mfumo wa vuta-sukuma kwa ajili ya mahindi katika miaka ya 1990. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya mikunde ambao harufu yake huwasukuma nondo wa vipekecha shina. Pembezoni huzungushiwa majani ya tembo, yanayowavuta nondo wakatage huko. Mizizi ya desmodiamu nayo hutoa kemikali zinazoharibu gugu la kiduha kabla hakijanyonya mahindi. Huo ni mfumo unaofanya kazi. Lakini angalia kiasi: desmodiamu iko kila nafasi kati ya mistari, na majani ya tembo yamezunguka shamba zima kwa mistari kadhaa. Miche minne ya marigoldi kwenye kona za tuta haiwezi kutarajiwa kufanya kazi hiyo.

Basi chanzo cha kwanza ni uchache. Kitunguu kati ya kabichi kinaweza kupunguza wadudu kikiwa mstari kwa mstari, si vitunguu vitano kwa kabichi thelathini.

Chanzo cha pili ni kumlenga mdudu asiye wake. Nguvu ya marigoldi na ya ndugu yake bangi mwitu iliyothibitishwa vizuri iko chini ya udongo, dhidi ya minyoo fundo, ile inayovimbisha mizizi. Tena hapo ni lazima ipandwe tuta zima, kwa msongamano wa sentimita 15 hadi 20, ikae miezi miwili au mitatu kabla ya nyanya kuingia, kisha ichimbiwe chini. Ikipandwa siku moja na nyanya, minyoo inaenda kwenye nyanya kama kawaida. Ukitumia bangi mwitu, ikate kabla haijatoa mbegu, maana mbegu zake zikimwagika utapalilia misimu mingi. Mrehani nao hauwezi kumzuia kantangaze. Nondo huyo aliingia Afrika Mashariki mwaka 2014 au karibu na hapo, na nyanya ndiyo nyumba yake. Mabaka meupe yanayopauka ndani ya jani na vitundu kwenye tunda ni alama zake. Kwake unahitaji mitego yenye harufu ya nondo jike, kuchuma na kuharibu majani yenye mabaka, na chandarua kwenye kitalu.

Tatu, mmea mlinzi mwenyewe anafuga wadudu. Marigoldi hupendwa sana na utitiri mwekundu wakati wa kiangazi. Geuza jani, ulipigepige juu ya karatasi nyeupe. Ukiona vinukta vinatembea na utando mwembamba, basi ua ulilopanda kama askari ndilo geti. Ng'oa yaliyozidiwa, piga maji kwa nguvu chini ya majani ya nyanya asubuhi kwa siku kadhaa. Kupulizia sumu ya wadudu ya kawaida mara nyingi huongeza utitiri, kwa kuwa huua wanaoula.

Nne, sisimizi. Kama vidukari hawapungui, fuata msafara wa sisimizi kwenye shina. Wanawalinda vidukari kwa ajili ya ule utamu wanaotoa, na kuwafukuza wale wadudu wekundu wa mviringo wenye madoa meusi ambao wangewamaliza. Mwaga majivu makavu kuzunguka shina, uyarudie kila mvua ikinyesha. Majani yaliyojaa vidukari yakate. Waliobaki wasugue kwa vidole. Inachukiza, lakini kwa bustani ya mita chache hakuna njia ya haraka zaidi.

Tano, mtego uliosahauliwa. Haradali ikipandwa siku 10 hadi 15 kabla ya kabichi huwavuta wale viwavi wadogo wa kijani ambao ukiwagusa hurudi nyuma kwa kujinyonganyonga na kuning'inia kwa uzi. Sasa mtego ukijaa lazima uumwage: haradali iliyojaa viwavi ing'olewe au ipuliziwe. Ukiiacha, umejenga kiwanda cha nondo karibu na kabichi.

Kama ukaguzi wote umepita na bado wanazidi, jaribu mwarobaini kabla ya sumu za dukani. Twanga kokwa kavu gramu 500, loweka usiku kucha kwenye maji lita 10, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni ya maji kidogo, upulizie jioni jua likishazama kwa sababu mwanga wa jua huivunja nguvu. Rudia kila wiki. Inafanya kazi kwa viwavi wadogo. Kiwavi mnene ataendelea kula kana kwamba umemnyunyizia maji, huyo muokote kwa mkono.

"Kunde zipo tele, mahindi bado ni njano"

Tarajio ndilo lenye kosa hapa. Jamii ya mikunde hukamata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria kwenye vinundu vya mizizi, lakini ikiwa hai inaitumia yenyewe na kuipeleka kwenye mbegu. Jirani hupata kidogo sana msimu huohuo. Faida kubwa inakuja majani na mizizi ikioza, yaani kwa zao linalofuata. Ukivuna kunde kwa kung'oa na kutupa mabaki nje ya uzio, umeitoa mbolea yote. Kata mashina usawa wa udongo, mizizi iachwe, majani yatandazwe.

Angalia umanjano umekaaje. Majani ya chini ya mahindi yakianza njano kwenye ncha na kufuata mshipa wa kati kama herufi V, ni naitrojeni. Zambarau kwenye miche michanga huashiria fosforasi, au baridi tu, hasa nyanda za juu. Milia myeupe kwenye majani machanga ya juu mara nyingi ni upungufu wa zinki.

Kisha chimba mche mmoja wa kunde au maharage unapoanza kutoa maua. Uchimbe, usiuvute, la sivyo vinundu vitabaki ardhini. Osha taratibu, pasua vinundu kwa ukucha. Ndani pakiwa pekundu au waridi, vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe, vya kijani au kijivu, havifanyi. Visipokuwepo kabisa, chanzo cha kawaida bustanini ni samadi au urea nyingi. Mmea uliolishwa haujisumbui kutengeneza vinundu, unatoa majani mapana na maganda machache. Baada ya hapo shuku udongo unaotuama maji, kisha udongo wenye asidi kali. Maharage ya kawaida ni mvivu kwa kazi hii kwa asili yake. Kunde, karanga na mbaazi ni bora.

Kwa mahindi yenye njaa sasa hivi, usisubiri kunde. Weka kijiko cha chai kisichojaa cha urea kwa kila shina, sentimita 10 kutoka mmea, udongo ukiwa na unyevu, ukifukie. Usiisogeze kwenye maharage. Asiyetaka mbolea ya dukani aloweke majani ya alizeti pori kwenye pipa kwa wiki mbili, ayachuje, achanganye na maji na kumwagia. Harufu yake itamfukuza mgeni yeyote, ila mahindi yanaipenda.

Chokaa ya kilimo usiitie kwa kubahatisha. Udongo wenye asidi unajulikana kwa kupimwa, na chokaa iliyozidi huchukua miaka kurekebika. Maabara za udongo zipo, kwa mfano kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga, Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, na taasisi ya utafiti ya KALRO kwa walio Kenya.

"Mchana ananyauka, jioni anainuka"

Usiharakishe kumwagilia. Kama udongo uko na unyevu na mmea bado unalala mchana, tatizo liko kwenye mizizi au kwenye shina.

Kwanza chimba mmoja. Mizizi yenye mafundo mafundo ni kazi ya minyoo fundo. Wengi huchanganya mafundo hayo na vinundu vizuri vya kunde, na kuna waliofurahia ugonjwa wakidhani ni neema. Kinundu cha kunde kimebandikwa pembeni ya mzizi na hubanduka kwa ukucha. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, halibanduki. Nyanya, bamia, matango na maharage yote hushambuliwa, kwa hiyo kuyachanganya hakuzuii chochote. Ng'oa mizizi yote baada ya mavuno, usiitupe kwenye mboji, kisha lilaze tuta chini ya marigoldi nzito kama nilivyoeleza.

Mizizi ikiwa safi, fanya kipimo cha glasi. Kata kipande cha shina karibu na udongo, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi yaliyotulia, ncha yake tu ikiwa ndani. Ukiona ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria. Bila nyuzi, lakini shina likipasuliwa lina rangi ya kahawia ndani na majani ya chini yalianza njano, tena mara nyingi upande mmoja, shuku mnyauko fuzari, ambao huletwa na kuvu.

Pa kusimama, na hapa nasisitiza: mnyauko bakteria hauna dawa ya kupulizia. Usikubali kuuziwa. Toa mmea na udongo ulioizunguka mizizi yake, uchome au uufukie mbali na bustani, osha kisu, jembe na viatu, na usiache maji ya tuta hilo yatiririke kwenye jingine. Nyanya, pilipili, biringanya na viazi mviringo visirudi hapo kwa miaka mitatu au zaidi. Kama wewe ni wa kuuza miche kwa majirani, simamisha kabisa na umwite afisa ugani kabla hujaupeleka ugonjwa mtaa mzima.

"Ugonjwa umehama zao moja hadi jingine"

Uliza kwanza: hawa ni ndugu? Mchanganyiko wa sahani si mchanganyiko wa koo. Nyanya, nyanya chungu, biringanya, pilipili hoho na pilipili kali, viazi mviringo na mnavu ni ukoo mmoja. Mnavu ndio unaowanasa wengi, kwa kuwa jikoni ni mboga ya majani, nao huonekana mwenzi mzuri wa nyanya. Kumbe kantangaze huishi kwenye vyote viwili, na mnyauko bakteria pia. Kabichi, sukuma wiki, figiri na chainizi ni ukoo mwingine. Spinachi haimo humo. Yenyewe iko karibu na mchicha. Matango, maboga, tikiti na mumunye ni wa pamoja, wanagawana ubwiri unga na inzi wa matunda.

Kwenye maeneo ya baridi na ukungu, kama Lushoto, Njombe au Limuru, viazi mviringo kando ya nyanya ni mwaliko wa bakajani chelewa. Mabaka meusi yenye majimaji, chini ya jani utando mweupe asubuhi, na ndani ya wiki tuta zima limeungua. Ng'oa zilizoathirika ukitumia mfuko, zisivutwe kupita kwenye nyingine. Mwagilia shinani badala ya kunyunyiza juu. Ondoa majani ya chini yanayogusa udongo.

Nyanya zenye majani yaliyojikunja na kudumaa, wengine huiita rasta, zimeambukizwa virusi na inzi weupe. Mmea huo haurudi. Utoe mapema, mwenzi wowote utakayempanda karibu hatamponya.

"Kingo za majani zinaungua, jirani yake mzima"

Hili ni la watu wa pwani na wote wanaomwagilia maji ya kisima. Maharage na vitunguu huumizwa haraka na chumvi. Spinachi huivumilia vizuri sana. Ukivipanda pamoja na kumwagilia maji ya chumvi, maharage yataungua kuanzia kingo za majani huku spinachi ikimeremeta, na utasema spinachi inamuua mwenzake. Tafuta ukoko mweupe juu ya udongo ukikauka. Onja maji, ukisikia chumvi mdomoni, maharage yaliisikia zamani.

Ukaguzi mwingine: je, uliweka samadi mbichi ya kuku karibuni? Nayo huunguza vivyo hivyo. Iache ioze miezi kadhaa kabla ya kuitumia.

Kwa chumvi, kinga maji ya mvua kwa ajili ya mazao dhaifu, ongeza mboji, tandaza matandazo ili udongo usikauke haraka, na mara chache mwagilia maji mengi matamu yashushe chumvi chini, mradi tuta linatoa maji. Vinginevyo badili zao: spinachi, na karibu yake mchicha.

"Maua mengi, matunda hakuna"

Maboga na matango yana maua dume na maua jike. Jike lina kitunda kidogo nyuma yake. Maua ya mwanzo huwa dume, kwa hiyo wiki ya kwanza usihangaike. Yakitoka ya aina zote mbili na vitunda vikaoza vikiwa vidogo, nyuki hawaji. Sababu ya kawaida ni dawa iliyopuliziwa asubuhi, yako au ya jirani. Mrehani na kivumbasha vilivyoachwa vitoe maua huwaleta nyuki, na hii ni kazi moja ambayo mrehani anaiweza bila ubishi. Wakati unasubiri, chuma ua dume asubuhi mapema, toa petali, usugue chavua ndani ya ua jike.

Kuhusu sumu, za dukani na za porini

Bustani ya mchanganyiko ina ugumu wake hapa: siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kibandiko ni za zao lililotajwa pale, na mchicha unaouchuma kesho umekaa sentimita 30 kutoka kwenye nyanya uliyoipulizia leo. Kama huwezi kusubiri muda mrefu kuliko wote kwa kila kitu kilichoguswa na matone, usipulizie. Usichanganye dawa mbili kwenye bomba moja kwa kubuni. Usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda.

Dawa za kujitengenezea si salama eti kwa kuwa ni majani. Maji ya tumbaku yana nikotini inayopita kwenye ngozi na inaweza kuua mtu. Utupa, ambao wengi huupanda kufukuza fuko, ni sumu ya samaki ya tangu zamani. Usiuloweke karibu na kisima, mto au bwawa.

Mtu aliyepulizia akipata kizunguzungu, mate mengi, kutapika au kuona ukungu, mtoe eneo hilo, mvue nguo, muoshe kwa sabuni na maji mengi, usimlazimishe kutapika, mpeleke hospitali pamoja na chupa au kibandiko cha dawa. Daktari anahitaji jina la dawa kuliko maelezo yako.

Ukienda kwa afisa ugani

Mwite au mfuate iwapo mnyauko umethibitika kwa glasi, iwapo mimea inakufa kwa kasi na huelewi chanzo, iwapo umekuta mdudu usiyewahi kumwona mtaani, au iwapo dawa mbili halali zimeshindwa. Ofisi ya kata, au ya wadi kwa Kenya, ndiyo ya kuanzia. Wao huweza kukuelekeza kwa mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA kwa Tanzania na KEPHIS kwa Kenya.

Usipeleke jani moja lililokauka mfukoni. Peleka mmea mzima uliochimbwa na mizizi yake, ukiwa bado unaugua na haujafa, umefungwa kwenye gazeti. Kama unashuku mnyauko, udongo na mizizi viwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, usimwage njiani. Ongeza mmea wa zao hilohilo ulio mzima kwa kulinganisha, na picha ya tuta lote ili aone nani amepandwa karibu na nani. Andika tarehe ya kupanda, mbolea uliyoweka, maji unayotumia na dawa zote ulizopulizia, pamoja na zile unazoona aibu kuzitaja. Mdudu mtie kwenye kichupa chenye spiriti. Akifika amekauka au amesagika, hata mtaalamu hataweza kumtambua.